Hatari! kwenye DVD: dakika sita zilizopotea, vifaru walionenepa na vumbi lililogeuka vigae

Hatari! ya Howard Hawks ni filamu yenye wenyewe Arusha. Ilipigwa kaskazini mwa Tanganyika kabla ya Uhuru wa Desemba 1961, ikatoka 1962, na maskani ya wahusika wake ni Momella, chini ya Mlima Meru. Hardy Krüger, aliyeigiza humo pamoja na John Wayne na Elsa Martinelli, alikuja kuishi Momella baadaye. Mtu wa Usa River, mji mdogo karibu na Arusha, anapoagiza DVD ya filamu hii, haitazami kama mtu wa mbali. Anaujua mlima ule una sura gani ukiwa upande gani, na akimpenda Hawks tangu filamu zake za wachunga ng'ombe, anasubiri kifurushi kwa hamu mbili.

Kisa chenyewe ni cha mwenye nyumba ya wageni wa huko Usa River, aliyeagiza DVD hiyo kutoka Ulaya ili aitazame ukutani kwa projekta na familia yake. Usiku wa kwanza hakuimaliza. Maneno yake yalikuwa makali: wamekata filamu, vifaru wamevimba, picha ina ukungu, vumbi linaonekana kama vigae vya bafuni, na rangi ya udongo si ya huku. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa kava, iliyoandikwa dakika 151 wakati filamu inajulikana kuwa ya dakika 157.

Baadhi ya malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Mengine yalitoka kwenye deki, kwenye waya na kwenye projekta, na diski ikabebeshwa lawama zisizo zake. Moja halikuwa kosa la mtu yeyote. Mpangilio wa ukumbini ulikuwa hivi: deki ya kawaida ya DVD, waya wa RCA wa rangi tatu wenye urefu wa mita 10, projekta ya HD, na turubai jeupe lenye upana wa mita 2. Kando kulikuwa na kompyuta ya Windows yenye kisomaji cha DVD, na hiyo ndiyo ya kuanzia siku zote. Ukianza kuhukumu picha kupitia mita 10 za waya wa njano, unahukumu waya.

Hakuna aliyekata kitu

Filamu za sinema hupigwa na kuoneshwa fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde. Mfumo wa TV wa PAL, uliotumika Ulaya na hata huku kwetu, unakwenda fremu 25 kwa sekunde. Njia rahisi ya kuiingiza filamu kwenye PAL ni kuiacha ikimbie kidogo, fremu zote 24 pamoja na moja ya sekunde inayofuata zipite ndani ya sekunde moja. Hesabu yake ni fupi: 157 × 24 ÷ 25 = 150.72, yaani dakika 150 na sekunde 43. Kava ikakadiria 151. Dakika sita na sekunde 17 zimemezwa na mwendo, na hakuna tukio hata moja lililoondolewa.

Hesabu peke yake haitoshi, kwa sababu mtu anaweza kweli kukata dakika sita na namba zikafanana kwa bahati. Kwa hiyo diski ilipimwa. Ndani ya folda ya VIDEO_TS fungua faili la VTS_01_0.IFO kwa programu ya MediaInfo (faili la IFO, si la VOB, maana VOB moja moja hutoa urefu wa uongo). Ilisoma dakika 150 na sekunde arobaini na ushei, pikseli 720 kwa 576, fremu 25. Kisha filamu ikachezwa kwa programu ya VLC, ikasimamishwa katikati ya ukimbizaji wa wanyama, na kusogezwa fremu moja moja kwa kubonyeza herufi E. Kila fremu ilikuwa safi, gurudumu moja, pembe moja. Huo ndio uthibitisho wa filamu iliyoharakishwa tu. Kama PAL ingetengenezwa kutoka kwenye kanda ya NTSC, mfumo wa TV wa Marekani, kwa mashine ya kubadilisha mfumo, urefu ungebaki karibu na 157, lakini kila baada ya fremu chache ungeona vivuli viwili vya pembe ileile, kimoja kikififia ndani ya kingine. Hilo ni kosa baya zaidi, na halitoki. Mnunuzi alipaswa kufurahi kuona 151.

Kilichopotea kweli ni sauti. Mwendo ukiongezeka kwa asilimia 4.2, sauti hupanda karibu robo tatu ya nusu toni, isipokuwa kama watengenezaji waliishusha tena kwa mtambo. Kwa mtu asiyeizoea filamu si jambo kubwa. Kwa anayeufahamu muziki wa Henry Mancini kutoka kwenye santuri, ule wa watoto wa tembo hasa, unasikika kama bendi iliyoambiwa ina dakika tano za kuondoka jukwaani. Kwenye diski hii sauti haikushushwa. Kipimo ni kucheza muziki huohuo kutoka kwenye rekodi yake, kisha kwenye diski, na kusikiliza kama noti moja inalingana. Hazikulingana.

Vifaru na mikanda myeusi

Hapa ndipo ukumbi ulipoikosea diski, na diski nayo ikawa na kosa lake chini yake.

Filamu hii ina umbo la 1.85 kwa 1, pana kidogo kuliko TV za sasa za 16:9. Nyuma ya kava, kwa maandishi ambayo lazima uvae miwani, kulikuwa na maneno haya: 1.85:1, kisha 4:3 Letterbox. Maana yake ni kwamba picha pana imewekwa ndani ya fremu ya TV ya zamani, na nafasi iliyobaki juu na chini imejazwa weusi. Weusi huo haukuongezwa na TV. Umechomwa ndani ya picha yenyewe, na unakula mistari ambayo ingetumika kwa picha.

Deki ilikuwa imepangwa kana kwamba inatumia TV ya 16:9. Deki nyingi za bei ya kawaida zikipata diski ya 4:3 katika mpangilio huo hazijazi weusi pembeni. Zinatuma fremu kama ilivyo, na projekta inaivuta hadi ijae upana wote. Kila kitu kinanenepa kwa theluthi moja. Kifaru anavimba, John Wayne anakuwa mfupi na mpana, na mikanda myeusi ya juu na chini inabaki palepale. Picha ya 1.85 inakuwa ya 2.47. Ndivyo alivyoona mwenye nyumba usiku ule, naye akadhani wametengeneza vibaya.

Dawa yake iko kwenye rimoti ya projekta: toa umbo la Full au Wide, weka 4:3, na vifaru wanarudi kwenye mwili wao. Lakini sasa jambo la pili linajitokeza. Picha inaelea katikati ya turubai ikiwa na weusi pande zote nne. Kwenye turubai la mita 2, filamu inachukua upana wa mita 1.5 na kimo cha sentimita 81. Ingejaa ingekuwa mita 2 kwa sentimita 108. Kwa eneo, ni asilimia 56 tu ya ulichostahili, na mwanga wa taa uliobaki unaangukia kwenye mikanda, ambayo kwa projekta ya kawaida huwa ya kijivu.

Ukibonyeza Zoom picha inajaa, bila kunenepa. Ila chunguza mistari. Fremu ya PAL ina mistari 576. Filamu ya 1.85 ikiwekwa ndani ya 4:3 inabaki na mistari 415 ya picha halisi. Ingetengenezwa kwa 16:9, ambapo picha hubanwa ubavuni wakati wa kurekodi kisha deki huipanua, ingepata mistari 553. Robo ya maelezo yote imetupwa kabla diski haijatoka kiwandani. Unapoijaza kwenye projekta ya HD, kila mistari miwili inalazimika kuwa mitano.

Kwa wakurugenzi wengine hasara hiyo ingevumilika. Hawks kwa kawaida aliiweka kamera usawa wa macho ya mtu na kuwaacha watu watano, sita, wakae ndani ya fremu moja, kila mmoja akifanya lake: mmoja anamimina kinywaji, mwingine yuko kwenye piano, wa tatu anamtazama wa nne kwa kijicho. Hakuwa mtu wa kukusogezea uso mmoja mmoja uuone vizuri. Ukiikosa robo ya mistari, nyuso za nyuma ndizo zinazoyeyuka kwanza, na kwa Hawks nyuso za nyuma ndiyo filamu. Hili ndilo kosa kubwa la toleo hili, na hakuna deki wala programu inayoweza kulirekebisha.

Je, ni hoja ya kurudishiwa pesa? Hapana. Kava ilisema ukweli, kwa herufi ndogo. Namba ya 1.85:1 inataja umbo la picha tu, haisemi imehifadhiwaje. Maneno ya kutafuta ni 16:9 au anamorphic, ndilo jina la ule ubanaji wa ubavuni. Yasipokuwepo, na hasa ikiwa umeona 4:3, weka pesa mfukoni.

Vumbi

Russell Harlan, mpiga picha wa filamu hii, aliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi ya rangi aliyoifanya humu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni vumbi: magari yakiwakimbiza wanyama kweli, kamera ikiwa kwenye gari la pembeni, nyasi zikipita, wingu likipanda. Hakuna kitu kigumu zaidi kwa DVD kuliko hicho.

DVD hutumia mgandamizo wa MPEG-2. Haihifadhi kila fremu nzima. Inahifadhi moja, kisha kwa fremu zinazofuata inaandika kilichohama na kilichobadilika. Mtu ameketi barazani, ukuta haujabadilika, data inatosha na kubaki. Vumbi halihami kwa mpangilio. Kila punje iko kwingine kila fremu, kubashiri kunashindikana, na mtambo unalazimika kuandika karibu kila kitu upya. Bajeti ikiisha, unaanza kutupa maelezo madogo ndani ya miraba ya pikseli 8 kwa 8. Ndiyo vile vigae. Na kwa kuwa fremu nzima huandikwa upya kila baada ya fremu 12 hadi 15, picha inaonekana kama inapumua kila nusu sekunde hivi: inasafika, inachafuka, inasafika.

Sasa bajeti. Diski hii ni ya tabaka moja, gigabaiti 4.7. Utajua kwa kujumlisha mafaili yote ya VIDEO_TS: Windows ikionesha chini ya 4.37, kwa kawaida ni tabaka moja. Ikizidi hapo, ni mbili. Gigabaiti 4.7 ni biti bilioni 37.6. Zigawe kwa sekunde 9,043 za filamu unapata megabiti 4.16 kwa sekunde kwa kila kitu. Ondoa sauti mbili, Kiingereza na Kijerumani, kila moja kilobiti 192, ondoa menyu na tangazo la filamu, na picha inabaki na kama megabiti 3.4. Kiwango cha DVD kinaruhusu picha ifike 9.8. Diski ya tabaka mbili, gigabaiti 8.5, ingeipa filamu hii wastani wa megabiti 7.5 kabla ya kutoa sauti. Kwa kifupi, filamu ya saa mbili na nusu yenye vumbi la namna hii kuiweka kwenye tabaka moja ni ubahili, na ni ubahili uliofanywa na mtu anayejua anachofanya.

Kuna kinachochanganywa na vigae hivi na si vyenyewe. Ukungu aliolalamikia mwenye diski, ule wa picha nzima, ulikuwa na vyanzo viwili vya ukumbini. Cha kwanza ni waya wa njano, unaobeba mwangaza na rangi pamoja kwenye uzi mmoja. Projekta inapovitenganisha, maelezo madogo yanapotea na kwenye milia ya pundamilia inazuka rangi ya upinde wa mvua isiyokuwepo. Deki ilikuwa na tundu la HDMI nyuma, halijawahi kutumika. Waya wa HDMI wa mita 10 ulipowekwa, upinde wa mvua ukaondoka. Cha pili kilikuwa kwenye kompyuta: VLC iliachwa na Deinterlace ikiwa On na mtindo wa Blend, unaochanganya mistari ya shufwa na ya witiri kuwa kitu kimoja laini. Filamu iliyoharakishwa kwa njia iliyoelezwa juu haihitaji hilo. Weka Off kwa herufi D, na ukiona kingo zenye meno ya kitana kwenye mwendo, ndipo urudishe.

Mwisho wa jambo hili, kingo nyeupe. Mstari wa Meru dhidi ya anga ulikuwa na uzi mweupe unaoufuata. Sehemu yake ilitoka kwenye Sharpness ya projekta iliyokuwa juu kupita katikati. Iliposhushwa hadi sifuri, uzi ulipungua lakini haukuisha, na kwenye kompyuta upo pia. Uliobaki ni wa diski: picha ilinolewa wakati wa kuihamisha, pengine ili ipendeze kwenye TV za zamani za kioo kilichobinuka. Huo nao umeandikwa humo.

Udongo

Malalamiko ya rangi ndiyo dhaifu kuliko yote. Projekta ilikuwa kwenye mpangilio wa rangi wa Vivid. Ilipowekwa Cinema, wekundu ulitulia. Baada ya hapo bado mwenye nyumba alisema udongo wa Ngarenanyuki, jirani na Momella, haufanani hivyo. Huenda. Lakini jicho linaloujua udongo kwa saa sita mchana si kipimo cha filamu iliyopigwa kwa rangi za Technicolor, saa nyingine, kiangazi kingine. Bila toleo la pili la kulinganisha, hukumu ya rangi iachwe.

Kinachookoleka

Mwendo na sauti vinarudi kamili. Kwa kuwa 24 ÷ 25 ni 0.96 kamili, VLC ifunguliwe kwa amri hii, D ikiwa ni herufi ya kisomaji chako:

vlc dvd:///D:/ --rate=0.96 --no-audio-time-stretch

Sehemu ya pili ndiyo wengi huisahau. VLC kwa kawaida huilinda sauti isishuke unapopunguza mwendo, kwa hiyo ukiweka 0.96 tu utapata filamu ya dakika 157 yenye muziki uleule uliopanda. Ukiizima kinga hiyo, sauti inashuka pamoja na mwendo hadi mahali pake. Kama diski yako ilishashushwa sauti kiwandani, fanya kinyume: acha kinga iwake. Vitufe vya mabano vya VLC havifai hapa, vinaruka kwa hatua kubwa mno.

Picha ijazwe kwa Crop, 1.85:1, kwenye menyu ya Video. Angalia maandishi ya chini: kwenye diski za namna hii mara nyingi mstari wa chini huandikwa ndani ya mkanda mweusi, na ukiukata mkanda unaweza kukata maandishi nusu. Hapa ilitokea. Mwenye diski alikuwa amejitengenezea faili la SRT, yaani la maandishi ya chini, la Kiswahili kwa ajili ya watoto wa nyumbani, likawa suluhisho, kwa sharti moja. Lilikuwa limepangwa kwa fremu 23.976, na kwenye diski ya fremu 25 linachelewa karibu sekunde mbili na nusu kwa kila dakika. Kufikia dakika ya kumi watu wanacheka na maandishi bado yanasalimiana. Kwenye programu ya Subtitle Edit tumia Change frame rate, kutoka 23.976 kwenda 25. Usidhani kwamba kwa kuwa unacheza kwa 0.96 faili la zamani litalingana. Mwendo unabadilisha saa ya ukutani, haubadilishi saa ya ndani ya diski, na maandishi yanafuata ya ndani.

Vigae vya vumbi vinapungua ukisogeza viti nyuma. Si mzaha: kwa turubai la mita 2 na mistari 415, mtu aliye mita 5 hadi 6 hasumbuliwi na miraba kama aliye mita 3.

Kununua tena

Diski hii ilikuwa ya ukanda namba 2: dunia imegawanywa kanda za DVD, na deki ya ukanda mmoja huweza kuikataa diski ya mwingine. Tanzania iko ukanda 5, ilhali Afrika Kusini imewekwa 2 pamoja na Ulaya. Deki ya Usa River haikugoma kwa sababu ni ya aina isiyojali ukanda. Kisomaji cha kompyuta hujali, na huruhusu kubadilisha namba mara tano tu, kisha kinajifunga kwenye ya mwisho. Ukiombwa kubadilisha, fikiri kwanza ni diski za wapi utakazozitumia zaidi.

Kwa Blu-ray mgawanyo ni mwingine na unatupendelea: Afrika yote na sehemu kubwa ya Ulaya ziko ukanda B, kwa hiyo diski ya Ulaya inacheza kwenye deki ya B bila ugomvi, na ya Marekani yenye kufuli ya A haichezi. Blu-ray pia huihifadhi filamu kwa fremu 24 au 23.976, hivyo hesabu ya 151 haipo, na picha ya 1.85 inapata mistari 1,038 badala ya 415. Kwa mwenye projekta ya HD, hiyo ndiyo ya kuagiza, na DVD hii ibaki kwa TV ya jikoni.

Anayeoneshea wageni wanaolipa ajue kwamba diski ya nyumbani, iwe DVD au Blu-ray, inauzwa kwa matumizi ya nyumbani. Maonesho ya hadhara yanahitaji ruhusa ya mwenye haki, na kwa hapa nchini yanaingia pia kwenye mamlaka ya Bodi ya Filamu.

Kabla ya kutuma pesa tena, mwuzaji aombwe picha ya nyuma ya kava iliyo wazi kiasi cha kusomeka herufi ndogo. Ukanda upi, 4:3 au 16:9, dakika ngapi, DVD-5 (tabaka moja) au DVD-9 (tabaka mbili) kama imeandikwa. Akijibu kwamba ni toleo zuri tu, halina shida, aulizwe tena.